Mstari Mmoja Kabla ya Chai

Mwalimu wa Kwaya hakuwahi kuniambia nisiogope. Ninaanza na hilo kwa sababu wengi wanaomkumbuka humsifu kwa ujasiri, na mimi nimekaa na sifa hiyo muda mrefu, nikiigeuza huku na huku, na bado sina hakika kama ni ya kweli. Alichonifundisha ni namna ya kukaa chini na kufanya kazi huku moyo unadunda. Nadhani hicho ni kitu kingine.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Muleba, na Jumapili alisimamia kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Shuleni alifundisha hesabu, lakini sijasikia mtu akimwita Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na alitembea akiwa ametanguliza kichwa kama mtu anayepita mlango wa chini. Alikuwa na hasira za karibu. Akikukosea alinyamaza siku mbili, na siku ya tatu alikuja kwenu na mkungu wa ndizi bila kueleza chochote.

Kila asubuhi, kabla ya chai, aliandika mstari mmoja wa wimbo. Mmoja tu. Alichora daftari lake kwa rula, akaweka herufi za solfa kwa sauti zote nne, za kina mama juu na za besi chini, na mstari ulipokamilika alifunga daftari hata kama kichwa kilikuwa kinachemka. Kazi hiyo aliifanyia nyuma ya nyumba, pale kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kinapoanza, akiwa amekalia mtumbwi wa kukamulia ndizi uliofunikwa kifudifudi. Mtumbwi ule aliurithi pamoja na kibanja, na ulikuwa umekamua rubisi ya miaka mingi. Yeye mwenyewe hakunywa pombe. Jirani yake Mkatoliki, mzee mcheshi, alipenda kupiga kelele kutoka ng'ambo ya migomba: "Mwalimu! Huo mtumbwi ndio unaokupa nyimbo, siyo Roho!" Mwalimu hakumjibu. Wakati ule wa asubuhi hakumjibu mtu yeyote.

Ukimya huo ulimletea matatizo. Miaka ya ujamaa ilipofika kijijini, Jumatano na Jumamosi tulilima shamba la pamoja, na ngoma ya kuita watu ilipigwa mapema. Watu walitoka na majembe. Mwalimu wa Kwaya alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake. Wiki ya tatu balozi wa nyumba kumi alimfuata huko huko nyuma ya nyumba, nami nilikuwepo kwa sababu mama alinituma kurudisha jembe la kwa Mwalimu.

"Mwalimu, watu wako shambani."

Kimya.

"Mwalimu, ujamaa hauna saa ya mtu mmoja mmoja."

Kimya. Kalamu ilikuwa inatembea. Balozi alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa mkalimani. Mimi nikatazama jembe. Nilihesabu moyoni makosa yote ambayo balozi angeweza kuyaandika, na nikajiona nimo ndani yake kwa kosa la kuwepo. Hatimaye Mwalimu alifunga daftari, akasimama, akatoa mkono.

"Nyegera waitu, karibu balozi. Umesemaje?"

"Nimesema umechelewa!"

"Nimechelewa. Nioneshe sehemu yangu."

Siku hiyo alilima sehemu yake, kisha akalima nyingine mpaka wenzake wamekwisha ondoka. Wiki zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo: alikuja wa mwisho na kuondoka wa mwisho. Balozi alilalamika kwenye mkutano, lakini hakuwa na la kuongeza, maana sehemu ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Mimi nisingeweza. Mimi ningekaa juu ya mtumbwi nikisikia ngoma, nisiandike, na shambani pia nisifike.

Kalamu za risasi alizichonga jioni, zote tatu, akazilaza juu ya daftari. Nilimwuliza kwa nini asizichonge asubuhi kabla ya kuanza.

"Asubuhi kuchonga penseli ni kazi ya mwoga," alisema. "Utachonga hii, utaona ile nayo butu. Utachonga mpaka chai iive."

Nilicheka, kisha sikucheka tena, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naanza siku zangu.

Mara nyingine nilimwuliza kwa nini anaacha wakati bado ana maneno. Alinipeleka jikoni, nyuma ya mkewe aliyekuwa anamenya ndizi, akanionesha majivu. "Huyu," akasema, "hajawahi kulala bila kufukia kaa. Asubuhi anapuliza tu. Mimi nikimaliza moto wote leo, kesho nitaomba kwa jirani?" Mkewe, bila kugeuka, akasema, "Kaa ninafukia mimi, sifa anapata yeye." Mwalimu akatoka haraka.

Shuleni alikuwa na desturi iliyowaudhi walimu wengine. Kabla ya hesabu, darasa zima lilifumba macho na kusikiliza, mpaka kila mtu aweze kutaja sauti tano. Siku za kwanza tulitaja kuku na upepo. Baadaye tulianza kusikia vitu vidogo: maji yakidondoka kwenye pipa, mwalimu wa darasa la pili akikohoa, mende ndani ya dawati. Rafiki yangu niliyekaa naye aliulizwa sauti ya tano akasema, "Nasikia njaa, Mwalimu." Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mwalimu alitafakari, kisha akasema, "Inakubalika, ina sauti." Mimi siku hiyo sauti yangu ya tano ilikuwa moyo wangu mwenyewe, na niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba nakaribia kufa, kwa sababu ulikuwa unapiga bila mpango. Mama alinipa uji.

Kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Hakujali sana mtu akikosea. Alichochukia ni mtu anayekosea kwa kunong'ona, anayefungua mdomo bila kutoa sauti ili kosa lake lisijulikane. Alisimamisha wimbo, akamsogelea mwanakwaya huyo mpaka pua kwa pua. "Kosea kwa sauti nikusikie! Nitakurekebishaje kama umejificha?" Waliokuwa besi walikosea kwa sauti mpaka waumini wakazoea. Nami nilikuwa mwimbaji wa tenori wa mwisho mwisho, na nilinong'ona kwa ustadi mkubwa. Sidhani kama aliwahi kunigundua. Au aligundua akaniacha. Hilo nalo nimelifikiria sana.

Isidhaniwe alikuwa mtu wa chuma. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipoingia, yule asiyejibu balozi aliruka kutoka kwenye mtumbwi kama mtoto. Asubuhi moja senene walishuka wengi kwenye nyasi za kilimani. Nilimwona akikimbia na foronya ya mkewe, daftari limeachwa wazi, kalamu imeanguka. Jirani Mkatoliki alimwona pia. "Mwalimu! Na mstari?" "Mstari hauruki!" alijibu, akapotea kwenye nyasi. Alipeleka kwa wakwe kapu moja lililojaa, na nyumbani alikula peke yake sahani ambayo ilipaswa kumtosha mtu na nduguze. Lakini Siku ya Uhuru, wakati kijiji kizima kilikuwa uwanjani kuona bendera, alichelewa. Mkewe alitembea mbele yake bila kumsemesha kwa sababu ya aibu. Kwa hiyo mstari ulizidi bendera, na senene walizidi mstari. Nimejaribu kutafuta kanuni hapo, sijaipata.

Nilipohitimu chuo kikuu Dar es Salaam, nilipangiwa kazi Bukoba mjini, katika ofisi ya elimu ya watu wazima. Nilikodi chumba mtaa wa Bilele. Afisa wangu, mtu mpole aliyependa kuvua miwani akizungumza, alinipa kazi moja: niandike kijitabu cha kusomea kwa madarasa ya upande wetu, masomo ishirini mafupi, sentensi sita kila somo. Madarasa yalikwisha kuanza. Watu walijua herufi, lakini hawakuwa na cha kusoma isipokuwa ubao.

Katika darasa la kijijini kwetu alikuwemo mama yangu. Nilipokwenda likizo alinisomea maandishi ya gunia la chumvi na ya debe la mafuta ya taa, akaniuliza, "Vingine viko wapi?" Wenzake walikuwa wameanza kukaa nyumbani. Ubao umekwisha, walisema. Afisa aliniambia wazi kwamba kama kijitabu hakitafika kabla ya likizo ya Disemba, na watu wakaendelea kupungua, darasa letu litaunganishwa na la kijiji cha bondeni. Mama ana goti bovu. Bondeni hashuki, na akishuka hapandi.

Nilijua yote haya, na bado miezi mitatu ya kwanza sikuandika hata somo moja lililobaki mezani hadi jioni. Nilianza: "Mkulima analima." Nikajiuliza, mkulima yupi? Akiwa mwanamume, wanawake watasema tumesahauliwa, na darasani wao ndio wengi. Akiwa mwanamke, wanaume watasema tunawacheka. Nikiandika "wakulima wanalima", sentensi inakuwa ndefu kwa anayeanza. Nikachana. Mama mwenye nyumba alikusanya karatasi zangu kuwashia moto, na siku moja akashindwa kuvumilia. "Baba, unaandika barua ya posa? Mwambie tu unampenda."

Nilirudi kwa Mwalimu wa Kwaya. Nilimweleza kila kitu, pamoja na mambo ambayo hayakuhusika. Alisikiliza akiwa anamenya karanga.

"Sentensi ngapi zote?"

"Mia moja na ishirini."

"Andika moja kwa siku, kabla ya chai. Ukiisha andika, funga."

"Na kama ni mbaya?"

"Itakuwa mbaya na imefungwa. Kesho andika inayofuata."

"Lakini Mwalimu, kama ya kwanza ni mbaya, ya pili itasimama juu ya nini?"

"Wewe kweli umesoma," alisema, akanipa karanga zilizobaki.

Nilifanya hivyo. Sitadanganya kwamba ilikuwa raha. Asubuhi za kwanza niliandika nikiwa nimefumba jicho moja, kama mtu anayepaka iodini kwenye kidonda. Nilichonga kalamu jioni. Nilisikiliza sauti tano za Bilele: baiskeli, mtoto wa jirani, kengele ya kanisa, sufuria, na moyo wangu ambao bado haukuwa na mpango. Kisha niliandika sentensi moja, nikafunga, nikanywa chai. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuamka nikiwa tayari nina sentensi mdomoni. Baada ya miezi minne na siku chache zilizopotea kwa malaria, masomo ishirini yalikuwa yamekamilika. Nikayanakili kwa herufi kubwa, nikayafunga kwa uzi.

Kisha nikayatia ndani ya begi, na yakakaa humo. Nilimwambia afisa bado nasahihisha. Niliyabeba kila mahali, hata sokoni, kwa hofu kwamba chumba kitaungua. Nilihofia pia kwamba chumba hakitaungua na itabidi niyatoe.

Katika hali hiyo nilikwenda kumtembelea Mwalimu. Alinituma chumbani nikamletee kitabu cha nyimbo kilichokuwa ndani ya sanduku la mbao. Yalikuwepo masanduku mawili, nami nikafungua lisilo lenyewe. Lilijaa madaftari hadi ukingoni. Nililichukua moja, nikaona siku ya Uhuru imeandikwa pembeni kwa tarehe, na mstari wake chini, nadhifu kama wa siku nyingine yoyote. Nilijaribu kuuimba kimoyomoyo. Sikuujua. Nikafungua jingine, na jingine. Nilikuwa nimeimba katika kwaya ile miaka sita na sikuujua hata wimbo mmoja. Kwaya iliimba nyimbo za kitabuni. Viongozi walipokuja kijijini, Mwalimu alichukua wimbo wa mazishi, akauongezea mwendo, akautilia maneno ya kilimo cha kufa na kupona, tukaimba, tukapigiwa makofi. Kazi hiyo ilimchukua nusu siku. Hizi za asubuhi, za miaka yote hii, zilikuwa humu sandukuni.

Nilitoka na daftari mkononi. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni.

"Mwalimu, hizi zimeimbwa wapi?"

Alilitazama daftari. "Rudisha."

"Hata moja?"

"Hazijakaa sawa. Rudisha."

Hapo ningenyamaza. Mimi ambaye huhesabu neno mara tatu kabla ya kulitoa, siku hiyo sikuhesabu. Labda ni kwa sababu begi langu lilikuwa begani na nilisikia uzito wake. "Si wewe uliyetuambia tukosee kwa sauti?"

Mkewe aliacha kuchambua maharage. Mwalimu wa Kwaya alisimama, akalichukua daftari, akaingia ndani. Nilimsikia akifunga sanduku. Hakutoka. Mkewe alinisindikiza hadi njiani, akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Lakini ungeisema kidogo kidogo."

Nilisubiri siku ya tatu na mkungu wa ndizi. Haikuja. Ilipita miezi miwili. Bilele niliandika barua sita za kumwomba radhi, sikutuma hata moja, maana kila radhi niliyoiandika ilikuwa na sauti ya kujitetea. Nilijiambia nimemvunja moyo. Nilimwona amekaa juu ya mtumbwi wake na kalamu haitembei, kwa ajili yangu. Afisa naye alivua miwani akaniambia kwamba Disemba inakaribia na darasa la kijijini kwetu lilikuwa limebaki na wanawake tisa.

Mwishoni mwa Novemba mama alituma ujumbe kwa dereva wa lori la kahawa: Mwalimu anasema uje Jumapili. Hakusema zaidi. Wiki nzima nilijaribu kufahamu ni kwa nini. Pengine ananiita anikemee mbele ya wazee. Pengine anaumwa. Nilipanda basi la Jumamosi nikiwa na begi langu, sijala.

Kanisani nilikaa nyuma. Kwaya iliposimama, Mwalimu wa Kwaya alipita mbele na karatasi mkononi, siyo kitabu. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni na mvua haikunyesha. Hakutazama watu. Aliinua mikono, akaishusha, akafuta viganja kwenye suruali, akaiinua tena.

Ulikuwa wimbo nisioujua. Kina mama walianza peke yao, chini chini, sauti ikipanda kwa namna isiyotarajiwa, kama mtu anayepanda kilima kwa njia ya mkato, na nywele zilinisimama. Tenori waliingia vizuri. Ubeti wa pili besi walipotea kabisa. Mmoja alikwenda juu, wawili wakamfuata, wengine wakabaki, na kwa muda kanisa zima lilisikia kwaya mbili. Nilifumba macho kwa niaba yake. Nilipoyafumbua alikuwa bado anapiga mkono, uso unang'aa kwa jasho, akiwasubiri, na kwenye ubeti wa mwisho wakarudi, mmoja mmoja.

Nje baada ya ibada watu walisimama wakisalimiana. Jirani Mkatoliki, aliyekuja kusikiliza tu, alikuwa anasema, "Walutheri leo mlikuwa makanisa mawili!" Watu walicheka. Mwalimu wa Kwaya naye alicheka. Alinijia moja kwa moja.

"Besi walipotea."

"Walipotea, Mwalimu."

"Ni kosa langu, siyo lao. Nimewapandisha mahali ambapo mtu hawezi kupumua. Miaka tisa sikuliona." Alikunja karatasi. "Sandukuni walikuwa wanapumua vizuri."

"Mwalimu, ile siku mimi..."

"Ile siku ulikuwa na begi hilo hilo. Lina nini?"

Nilishika mkanda wa begi.

"Toa somo moja tu. Lolote."

Nilifungua begi. Nililegeza uzi, nikatoa somo la saba. Alilipokea bila kulisoma, akaita, "Mama! Njoo na wenzako." Mama alikuja akichechemea, na wanawake watatu wa darasa lake. Mwalimu alimpa karatasi. "Imeletwa hii kutoka Bukoba. Hebu tusomee."

Nilitaka kuondoka. Nilipima umbali hadi njiani. Mama alishika karatasi mbali na uso, akaweka kidole.

"M-ku-li-ma. Mkulima. A-na mi-che. Ana miche. Mkulima ana miche ya ka-ha-wa." Alimeza mate. Wenzake walisogea wakisoma midomo yake. "Mwezi wa Ju-lai mkulima a-na-panda miche."

Akarudisha kidole mwanzo wa sentensi, akaisoma tena polepole. Kisha akainua uso.

"Julai?"

"Julai!" alisema mwenzake mmoja. "Kiangazi chote kile?"

"Itakauka hata kabla hajafika nyumbani," alisema mwingine.

Mama alimgeukia Mwalimu kwa hasira ya kweli, kidole bado kiko juu ya neno. "Waitu Mwalimu, nani ameandika hii?"

"Msomi mmoja wa Bukoba."

"Msomi huyo mamake hana kibanja?"

Mwalimu wa Kwaya alinitazama. Hakunisaidia. Nilisikia sauti nyingi wakati ule, zaidi ya tano.

"Ni mimi, Mama."

Mama alifunika mdomo kwa kanga. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, na wenzake wakacheka, hata Mwalimu akainama akishika magoti. Sikufa. Nilisubiri kidogo nione kama nitakufa baadaye.

"Basi andika Oktoba," mama alisema, akipangusa macho. "Mvua zikiwa zimeshika."

Hapakuwa na meza. Mwalimu wa Kwaya aligeuka bila kuombwa, akainama kidogo, nami nikaweka karatasi mgongoni mwake, juu ya shati lililoloa, nikakata Julai. Mama alisimama begani kwangu kuhakikisha.

"O-k-to," alisoma, akasubiri. "Andika upesi. Hawa nao wanataka karatasi zao."